Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Gazi na Dola la Jirani

Anayevuka kivuko cha Likoni na kushika barabara ya kusini, akapita Tiwi, Ukunda na njia ya kuelekea Diani, huufikia mji mdogo wa Gazi kabla ya kuingia Msambweni. Ni mji wa wavuvi, wenye mikoko mingi ufuoni na minazi inayoufunika kwa upande wa bara. Jengo lake linalotajwa zaidi ni nyumba kongwe ya mawe iliyowahi kuwa makazi ya Sheikh Mbaruk bin Rashid Al-Mazrui, na ambayo baada ya zama zake ilitumiwa kuwa skuli. Wanafunzi waliosomea humo yamkini hawakufahamu wote kwamba katika kuta zile palipangwa vita vilivyoisumbua Uingereza kwa takriban miezi kumi, na kwamba mwenye nyumba alimaliza umri wake katika nchi ya watu wengine.

Mbaruk alitokana na ukoo wa Mazrui, ambao asili yake ni Omani, na ambao uliitawala Mombasa kwa muda unaokaribia karne moja. Ngome ya Mombasa ndiyo iliyokuwa makao ya ukoo huo, na Pemba pamoja na miji kadhaa ya Mrima ilipata kuwa chini ya amri yake. Wanafunzi wa ushairi wanaufahamu ukoo huu kwa njia ya Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyekuwa karibu na watawala wake na kuzishughulikia katika tungo zake fitina na vita baina yao na Sayyid Said bin Sultan. Fitina hizo ndizo zilizomlea Mbaruk kabla hata hajazaliwa. Hakuna atakayezielewa hila zake za uzeeni bila kwanza kuyaangalia yaliyotendeka Mombasa katika miaka ya 1820.

Wakati huo Sayyid Said alikuwa ameshaipokonya Mombasa milki zake moja baada ya nyingine, Pemba ikiwemo, na Wamazrui walitambua kwamba peke yao wasingeweza kuizuia merikebu moja ya Omani, licha ya merikebu kumi. Walichokifanya ni kutafuta mwenye nguvu zaidi ambaye hakuwa vitani. Waingereza walikuwa na merikebu katika Bahari ya Hindi na walijidai kuipiga vita biashara ya utumwa, lakini hawakuwa na ugomvi na Sayyid Said. Kinyume chake, alikuwa rafiki yao. Mnamo Desemba 1823 Wamazrui walimwomba nahodha Vidal awape hifadhi, naye akakataa. Hawakukata tamaa. Nahodha Owen alipotia nanga Mombasa Februari 1824, alikuta bendera ya Kiingereza imekwisha pandishwa juu ya ngome. Haikuletwa na Mwingereza yeyote. Wenyeji waliishona wenyewe.

Owen alikubali. Katika mapatano yale Wamazrui waliahidiwa kurudishiwa milki zao za zamani, nao wakaahidi nusu ya ushuru wa forodha na kukomesha biashara ya watumwa. Afisa wa Kiingereza aliachwa Mombasa, na majeshi ya Sayyid Said yakasita. Lakini nahodha si serikali. Wakuu wake huko Bombay na London walipima faida ya urafiki wa Omani na faida ya ngome moja ya Afrika, wakaona ya kwanza ndiyo nzito. Julai 1826 bendera iliteremshwa na Waingereza wakaondoka. Mnamo mwaka 1837 Mombasa ilianguka mikononi mwa Sayyid Said. Wakuu wa Mazrui walikamatwa kwa hila, wakasafirishwa hadi Bandar Abbas katika Ghuba ya Uajemi, na huko wakafia. Miongoni mwao alikuwamo Rashid bin Salim, liwali wa mwisho wa ukoo huo katika Mombasa. Huyo ndiye aliyekuwa baba yake Mbaruk.

Waliosalimika waligawanyika pande mbili. Baadhi walikwenda kaskazini wakaijenga Takaungu, karibu na Kilifi; wengine walikwenda kusini wakatua Gazi. Mgawanyiko huo haukuwa wa makazi tu. Watu wa Takaungu walielewana na Unguja mapema, wakastawisha mashamba ya nafaka na kutajirika. Watu wa Gazi walibaki na kinyongo. Mbaruk, aliyekuwa mtoto wakati wa maafa yale, alikulia katika kinyongo hicho, na alipouchukua uongozi wa Gazi kinyongo kikawa siasa.

Haifai kumpamba zaidi ya alivyokuwa. Baadhi ya maandishi ya baada ya uhuru yamemwita mpigania uhuru bila ya kuongeza neno, ilhali yale ya maafisa wa kikoloni yalimwita haramia bila ya kuongeza neno. Mbaruk alikuwa bwana wa watumwa. Nguvu zake zilitokana na mashamba yaliyolimwa na watumwa na askari ambao wengi wao walikuwa watumwa wake. Wadigo na Waduruma waliokuwa jirani zake walimfahamu kwa sura mbili: mara rafiki wa kufanya naye biashara na kupigana pamoja naye, mara adui wa kukimbiwa. Hata hivyo, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: alikuwa mwanasiasa stadi aliyeweza kuwakusanya chini yake watu wa asili mbalimbali, na kuwaweka pamoja kwa miongo kadhaa bila ya kuwa na hazina ya kifalme nyuma yake.

Alikuwa pia na Mwele. Hapo ni mahali pa ndani, nyuma ya Gazi, kwenye nyanda na misitu iliyopakana na vilima vya Shimba, ambapo Mbaruk alijenga boma la miti. Kila mara Sultani wa Unguja alipoleta majeshi Gazi, Mbaruk aliuacha mji na kupanda Mwele. Majeshi yalipochoka na kuondoka, aliteremka. Aliasi, akasamehewa, akaasi tena. Mwaka 1882 Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa akiongoza jeshi la Sayyid Barghash, alimzingira huko huko Mwele, na Mbaruk akaponyoka. Mathews hakumsahau, na walikuja kukutana tena.

Katikati ya miaka ya 1880 Pwani ilipata mgeni mpya. Wajerumani, ambao Waswahili waliwaita Wadachi, walianza kutia saini mikataba na machifu wa bara mwaka 1884, na mwaka uliofuata merikebu zao za kivita zilielekeza mizinga kwenye kasri la Sayyid Barghash. Mbaruk aliona jambo ambalo wazee wake waliliona mwaka 1824: dola kubwa limefika, nalo halina mapenzi na Sultani. Akawaelekea Wajerumani akitafuta hifadhi ya bendera yao. Kwa mtazamo wake hesabu ilikuwa sahihi. Ikiwa Mwingereza ndiye mlinzi wa Sultani, basi mshindani wa Mwingereza ndiye rafiki anayefaa.

Hesabu hiyo iliharibiwa na kipande cha karatasi. Mwishoni mwa mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kuigawa Afrika ya Mashariki. Mstari ulianzia karibu na mlango wa mto Umba ukapanda kuelekea Kilimanjaro hadi Ziwa Viktoria. Kusini mwa mstari ilikuwa sehemu ya Ujerumani, kaskazini sehemu ya Uingereza, na Sultani akaachiwa ukanda wa pwani wa maili kumi. Gazi iliangukia kaskazini, kiasi cha siku chache tu za kutembea kutoka mpakani. Hakuna aliyemuuliza Mbaruk. Lililo kubwa zaidi ni kwamba tangu siku hiyo Ujerumani ilikuwa imeshalipwa bei ya kutoingilia mambo ya Gazi. Kila ombi ambalo Mbaruk angelipeleka kusini baada ya hapo lingemkuta jirani ambaye amekwisha kula kiapo na mtu mwingine. Yamkini yeye hakulitambua jambo hilo kwa ukamilifu wake, na si ajabu: mkataba uliandikwa Ulaya, ilhali yeye mpaka aliufahamu kama njia ambayo watu, baruti na nafaka vilipita kila siku.

Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki iliyoshika utawala mwaka 1888 ilichagua kumlipa ruzuku badala ya kupigana naye, na kwa miaka kadhaa Gazi ilitulia. Kampuni ilikuwa maskini, na amani ya kununua ilikuwa rahisi kuliko vita. Ulipofika mwaka 1895 Kampuni ilikuwa inafilisika, na serikali ya Uingereza ikijitayarisha kuchukua nchi moja kwa moja.

Hapo ndipo cheche iliporuka, na haikurukia Gazi bali Takaungu. Februari 1895 alifariki Sheikh Salim bin Khamis, mtawala wa Takaungu. Waliostahili kumrithi walikuwa wawili: mwanawe Rashid bin Salim, na mwana wa nduguye aliyeitwa Mbaruk bin Rashid. (Majina katika ukoo huu hurudiarudia kiasi cha kuwachosha wasomaji; huyu ni Mbaruk wa Takaungu, si yule wa Gazi, na Rashid huyu si yule aliyefia Bandar Abbas.) Kwa desturi mkubwa kwa umri alikuwa na hoja yenye nguvu, lakini Kampuni ilimtaka Rashid kwa kuwa alikuwa rafiki wa Waingereza, na Rashid ndiye aliyetawazwa. Mbaruk wa Takaungu na nduguye Aziz walihamia bara pamoja na wafuasi wao, wakashambuliwa huko. Kisha Mbaruk wa Takaungu akakimbilia kwa jamaa yake wa Gazi.

Katika sura hii ya maisha yake Mbaruk mzee alikuwa ndiye asiye na vita, na wengine ndio waliokuwa wakimvuta. Ugomvi haukuwa wake. Takaungu na Gazi hazikuwa na mapenzi makubwa, na yeye alikuwa na ruzuku, mashamba na umri mkubwa wa kulinda. Mwanzoni aliidhihirishia serikali utiifu. Arthur Hardinge, Konseli Mkuu wa Uingereza mjini Unguja, alimtaka aonyeshe utiifu huo kwa vitendo. Pande zote mbili zilimsukuma: serikali kwa vitisho na ahadi, jamaa kwa haki ya damu na ya mgeni aliyeomba hifadhi. Hardinge alikuwa na vyombo vya kivita. Jamaa hawakuwa na kitu ila nasaba na aibu ambayo ingempata Mmazrui anayemtoa Mmazrui mwenzake kwa adui. Mbaruk hakumtoa.

Tarehe 1 Julai 1895 utawala wa Kampuni ulikoma na serikali ya Uingereza ikatangaza himaya yake mjini Mombasa. Kabla ya mwezi kwisha, majeshi yalishushwa Gazi. Mbaruk akafanya kama alivyozoea, akapanda Mwele. Safari hii lakini aliyemfuata si jeshi la Sultani pekee. Admeri Rawson alileta mabaharia na askari wa manowari za Kiingereza pamoja na askari wa Kisudani na wa Unguja, wakapenya msitu, na tarehe 17 Agosti 1895 boma la Mwele likatekwa. Lloyd Mathews alikuwapo, naye akajeruhiwa. Vita hivyo, ambavyo vitabu vingi vya historia huvipa mistari miwili, Waingereza wenyewe walivipa uzito wa kutosha wa kulichora jina la Mwele na mwaka wake kwenye nishani za walioshiriki.

Mbaruk aliponyoka tena. Kuanzia hapo vita viligeuka kuwa vya kuvizia, kutoka upande wa Vanga hadi Malindi. Aziz alipigana kaskazini. Hamis bin Kombo wa Mtwapa aliingia upande wa waasi. Vijiji na mashamba yakateketezwa na pande zote mbili, na waliolipia zaidi ni wakulima wa Kidigo, Kiduruma na Kigiriama ambao urithi wa Takaungu haukuwahusu ndewe wala sikio.

Viongozi wa waasi walifahamu kwamba bunduki zao zisingetosha, kwa hiyo walifanya kazi kubwa ya kuwavuta wasiokuwa vitani. Wagiriama ndio waliotakiwa zaidi, kwa wingi wao na kwa nafaka yao. Baadhi ya wakubwa wao waliwasaidia waasi kwa chakula na maficho, na Hardinge naye aliwaendea wazee wa Kigiriama akiwataka wajitenge na vita. Wagiriama kama taifa hawakuinuka. Walikuwa na sababu zao. Wamazrui wa Takaungu walikuwa wameshanunua na kuteka watu wao kwa muda mrefu, na mfalme mmoja akimwondoa mwingine, mkulima hubaki na jembe lile lile. Anayetaka kujua kwa nini vita vya Mbaruk havikuwa vita vya Pwani nzima hana haja ya kutazama mizinga ya Waingereza kwanza. Na aitazame mashamba ya watumwa.

Alibaki jirani wa kusini. Ujerumani haikuwa vitani, na mpaka wake ulikuwa wazi. Baruti ilipenya kutoka huko. Isitoshe, mwanzoni mwa mwaka 1896 palikuwa na sababu ya kutumaini kwamba Mjerumani na Mwingereza wangekosana kweli kweli. Januari 3 mwaka huo Kaisari Wilhelm wa Pili alimpelekea Rais Kruger wa Transvaal simu ya pongezi kwa kuwashinda wavamizi waliotoka katika eneo la Waingereza, na Uingereza nzima ikachafukwa. Aliye mbali angedhani kwamba ugomvi huo ungefika hadi mto Umba. Haukufika. Katika Afrika ya Mashariki magavana walijali mpaka wao kuliko simu za Kaisari, kwa sababu uasi hauheshimu mstari wa ramani, na moto wa Gazi ungeweza kuishika Tanga.

Gavana wa Dar es Salaam wakati huo alikuwa Hermann von Wissmann. Wanafunzi wa Kiswahili wanamjua, au wanapaswa kumjua, kwa vita ambavyo Hemed bin Abdallah el-Buhriy alivitungia utenzi. Ndiye aliyevunja upinzani wa Mrima, na ndiye ambaye chini ya amri yake Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Mbaruk hakuweza kuwa mgeni wa habari hiyo, maana Pangani si mbali. Kumwendea Wissmann kulikuwa ni kumwendea mtu aliyemnyonga mwenzake.

Machi 1896 kikosi kutoka India kiliwasili Mombasa, na njia za misituni zikaanza kufungwa moja baada ya nyingine. Waasi walisukumwa kusini hadi mto Umba ukawa mbele yao na adui nyuma yao. Mwezi wa Aprili Mbaruk alivuka mpaka pamoja na viongozi wenzake na umati wa wafuasi, wanaume kwa wanawake. Wissmann alipokea utii wao na silaha zao. Aliyekuwa akitafuta jeshi la kupigana pamoja naye alipata mahali pa kulala. Si jambo dogo: Ujerumani haikumrudisha kwa Waingereza wala haikumfanyia aliyofanyiwa Abushiri. Lakini masharti yalikuwa wazi. Atakaa mbali na mpaka, na hatapigana tena. Waingereza waliridhika, kwa kuwa Mbaruk asiye na mpaka karibu yake alikuwa mzee tu. Hata ukarimu aliofanyiwa ulikuwa sehemu ya maelewano ya wale wawili.

Aliishi Dar es Salaam miaka kumi na minne. Hakukaa muda mrefu kabla ya kupata mwenziwe wa cheo. Agosti 1896 Sayyid Khalid bin Barghash alilikalia kasri la Unguja. Manowari za Admeri Rawson yule yule zikalipiga kasri hilo kwa dakika zisizotimia arubaini, na Khalid akakimbilia katika ubalozi wa Ujerumani, kisha akavushwa hadi Dar es Salaam. Hivyo mji mmoja ukawahifadhi mwana wa Barghash na Mmazrui aliyekuwa amempiga vita Barghash kwa miaka mingi. Mambo waliyozungumza, kama walizungumza, yangekuwa mada ya tamthilia nzuri kwa atakayethubutu kuiandika.

Nyuma yake Gazi haikurudi kuwa ilivyokuwa. Mali ya waasi ilitwaliwa na watumwa wao wakatangazwa kuwa huru, miaka kumi na zaidi kabla ya utumwa kufutwa kisheria katika pwani yote mwaka 1907. Kwa waliokuwa watumwa wa Gazi, basi, kushindwa kwa bwana wao ndiko kulikofungua mlango. Baadhi ya wafuasi walirudi wakajenga upya. Muda si muda sehemu kubwa ya ardhi ya kusini mwa Mombasa iliangukia mikononi mwa kampuni ya East African Estates, na wenyeji wa pande hizo wakajikuta wakiomba ruhusa ya kulima walipozaliwa. Madai ya ardhi yanayosikika Kwale yana mizizi katika miaka hiyo.

Sheikh Mbaruk alifariki Dar es Salaam mwaka 1910. Miaka minne baadaye vita alivyovitamani baina ya Mjerumani na Mwingereza vilifika Gazi bila ya yeye. Majeshi ya Ujerumani yalivuka Umba, yakapita njia ile aliyoitumia kukimbia, na Oktoba 1914 yakaushambulia mji wake, yakarudishwa nyuma. Miongoni mwa waliopigana upande wa Waingereza katika mwambao huo kilikuwamo kikosi cha Waarabu kilichokusanywa na Arthur Wavell, na Wavell mwenyewe aliuawa Mwele, Januari 1916.